Tarehe Sita Iliyokuja Mara Mbili

Inspekta Nyevu Kalama aliisoma taarifa ya Crispus akiwa amesimama, kwa sababu kuketi kungekuwa kama kuikubali. Zilikuwa kurasa tatu zilizopigwa chapa bila kosa, zimejaa maneno ambayo mkubwa wao wa upelelezi asingeyaelewa, na kwa hiyo angeyapenda. Nyevu alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, Crispus minne. Lakini mwaka uliopita, ilipotokea nafasi ya kwenda Nairobi majuma sita kusomea kompyuta, ilimwendea Crispus. Aliporudi alikitia cheti chake fremu ya kioo akakitundika ukutani, mahali ambapo Nyevu hakuweza kuinua macho asikione.

Mkubwa alimwita asubuhi ile ya Ijumaa akampa kazi kwa maneno machache. Crispus yuko mahakamani hadi adhuhuri, mkosaji ameshajulikana, Nyevu ashuke Mji wa Kale akamlete. Hakusema achunguze. Alisema amlete, kama mtu anayeagiza nazi sokoni.

Kesi yenyewe ilikuwa ngeni kwa kituo kilichozoea makasha ya bandarini yaliyovunjwa na watalii walioibiwa kamera. Katika nyumba moja ya kale Ndia Kuu kulikuwa na ofisi ya watu watano waliokuwa wakitunga kamusi ya Kimvita, Kiswahili cha mji huo. Walikuwa na miaka minane katika kazi hiyo. Maneno yote, elfu kumi na nane na zaidi, yaliwekwa ndani ya mashine moja, na Alhamisi, tarehe kumi na mbili Machi, mashine hiyo ilipowashwa haikuwa na neno hata moja. Sheria haikuwa na kosa la kuua kompyuta, hivyo mkubwa alisema waandike kuharibu mali kwa makusudi.

Crispus alikaa huko saa mbili akarudi na jina: Maxwell, fundi wa mashine za kuchapia. Sababu aliyoitaja ilikuwa wivu. Maxwell alikuwa na diski yenye kirusi, alikuwa na ujuzi, na alikuwa hapatani na Tsofa Chengo, msimamizi wa mashine iliyokufa. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho Crispus aliongeza mstari mmoja: saa ya ndani ya mashine iliyokufa ilionyesha tarehe saba Machi; betri imechoka; jambo hili halina uzito.

Nyevu aliusoma mstari ule tena, akaikunja taarifa, akaitia mkobani. Hakujua chochote kuhusu betri za kompyuta. Alijua tu kwamba mtu mwenye haraka huandika "halina uzito" juu ya kitu asichotaka kukibeba.

Ndia Kuu ilikuwa kimya kama inavyokuwa asubuhi za mwanzo wa Ramadhani, mikahawa imefungwa na wauza vinyago wamekaa vivulini wakimeza mate. Tsofa Chengo alimpokea mlangoni. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mrefu, shati limepigwa pasi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimwingiza chumba cha chini, chumba pekee katika nyumba hiyo chenye mashine ya baridi, na mashine ya baridi ile haikuwekwa kwa ajili ya watu. Katikati ya chumba, juu ya meza yake yenyewe, ilikaa kompyuta kubwa ya rangi ya maziwa, skrini nyeusi.

Ukutani palibandikwa picha iliyokatwa gazetini. Wageni wa chuo kikuu kimoja cha ng'ambo walikuwa wamekuja Januari kuitazama kamusi. Katika picha mashine ilikuwa katikati, Tsofa ameiwekea mkono kama mtu na farasi wake, wageni wamezunguka. Pembeni kabisa, pale mkasi ulipopita, lilionekana bega moja la kanzu. Nyevu aliuliza ni bega la nani. Tsofa alilazimika kusogea karibu kutazama, kisha akasema ni la Mwalimu, Mwalimu Gharib, mkuu wa ofisi, aliyeanza kukusanya maneno kabla wengine hawajazaliwa.

Nyevu alimtaka amweleze mashine zao, asiruke kitu. Tsofa alieleza kwa utaratibu, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu. Juu kulikuwa na mashine tatu za DOS, za kuchapia. Hizo, alisema, hazina ulinzi wowote. Programu yoyote inayoingia inaandika popote inapotaka, na yeyote anayeketi mbele yake ndiye mwenye nyumba. Ndiyo maana virusi vinazipenda. Kulikuwa na Makintoshi moja ya Caroline, anayepanga kurasa. Hiyo ina virusi vyake, si vingi, na vingine vinarukia diski inapoingizwa tu, lakini haielewi lugha ya virusi vya DOS wala virusi vya DOS haviielewi yake. Na kulikuwa na hii. Hii ilikuwa Unix. Kila mtumiaji ana jina na neno lake la siri, kila faili lina mwenyewe, na mgeni hagusi kisicho chake.

"Kufuta kila kitu kunahitaji neno la siri la msimamizi," alisema Tsofa. "Neno hilo ninalo mimi peke yangu."

"Basi wewe peke yako ndiye ungeweza kuifuta," alisema Nyevu.

Ilionekana Tsofa hakuwahi kulifikisha wazo lake mpaka mwisho wa njia. Halafu akasema Maxwell lazima aliliiba neno hilo, kwa kuchungulia vidole vyake. Maxwell hakuwa na raha tangu mashine hii iletwe. Kabla yake, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kila kitu kikiharibika.

Nyevu aliuliza kama kuna nakala. Tsofa alitazama meza. Ipo ya Novemba, alisema. Kanda za kunakilia ziliisha, akachelewa kuagiza. Mpya alikwenda kuzipokea Mwembe Tayari Jumatano, zilipofika na basi la Nairobi. Aliondoka saa tano, basi likachelewa, akaenda nyumbani moja kwa moja. Kanda zilikuwa pale mezani, bado ndani ya karatasi yake ya nailoni.

"Miezi minne bila nakala," alisema Nyevu.

"Sikuona haraka, Afande. Ilikuwa Unix."

Maxwell alikuwa ghorofa ya juu, ameketi karibu na dirisha, na miguuni pake mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko kulikuwa na shati lililokunjwa, mswaki na Biblia ndogo. Alikuwa mtu wa bara, wa miaka arobaini na kitu, mwenye kipara na mikono ya fundi. Alisimama alipomwona Nyevu akauchukua mfuko wake. Nyevu alimwambia auweke chini, hawaendi popote bado, na akavuta kiti.

Alimwambia aliyosema Tsofa, kwamba kirusi cha DOS hakiwezi kuiua Unix. Maxwell alitikisa kichwa taratibu. Alisema Tsofa ni kijana mwenye akili kuliko yeye, lakini amesomea mfumo, hakusomea chuma. Mashine inapowashwa haijui DOS wala Unix. Haijui chochote. Kitu cha kwanza inachofanya ni kusoma mwanzo kabisa wa diski na kutii inachokikuta hapo. Ndipo mfumo unapoamshwa. Kukiwa na diski ndogo imesahauliwa tunduni, inasoma hiyo kwanza. Kirusi kinachokaa hapo mwanzo kinajihamishia kwenye diski kubwa ya ndani kabla mfumo haujafungua macho.

"Na Unix ikiamka?" aliuliza Nyevu.

"Ikiamka inafanya kazi zake kama kawaida. Kirusi hakiwezi kutembea tena, maana Unix haikipi nafasi. Kimelala tu pale. Lakini hiki kilichotajwa magazetini kina siku yake. Mashine ikiwashwa tarehe sita Machi, kinaangalia saa ya ndani kabla ya kitu kingine, na kikikuta ni tarehe sita kinaifuta diski. Maneno ya siri hayana kazi hapo. Aliyepewa kuyauliza bado amelala."

Nyevu aliandika. Kisha akamwuliza diski yenye kirusi ilitoka wapi. Maxwell alisema aliikuta katika mashine ya kuchapia ya Kache, msichana anayekusanya maneno ya wanawake. Kache alipewa na rafiki, ikiwa na barua ndani yake. Aliisafisha mashine ile, na diski akaiandikia MGONJWA kwa kalamu nyekundu, akaitia katika mkebe wa biskuti juu ya kabati. Kila mtu alijua iko wapi. Crispus aliikuta mahali pake jana akaichukua. Na Alhamisi ya tarehe tano, ili kuwa na hakika, aliwakusanya wote, Mwalimu pia, akawaonyesha namna ya kuirukisha saa ya mashine kutoka tarehe tano hadi saba, ili sita isitokee kabisa. Unabonyeza kitufe fulani mashine inapowaka, unaandika tarehe unayotaka. Neno la siri halihitajiki. Alimfanya kila mmoja ajaribu mwenyewe.

"Tsofa naye?"

"Tsofa alicheka. Akasema hizo ni dawa za wagonjwa, yeye mashine yake haiugui. Alisema mbele ya Kache na Caroline na Mwalimu, nao wakacheka pia." Maxwell alitazama mikono yake. "Nilikuwa na wivu, Inspekta, sitakudanganya. Nilitamani iugue. Iugue kidogo, mbele ya watu, halafu waniite. Lakini kitu kikifa nani ataniita?"

Nyevu alikuwa anafikiria fremu ya kioo ukutani kituoni, na namna alivyokuwa akitamani, si ivunjike, bali ianguke tu, watu wakiwa wengi ofisini.

Alimwuliza jambo ambalo lilikuwa likimwasha tangu asubuhi. Betri ya saa ya mashine ikichoka, saa huonyesha nini?

"Hurudi mwanzo. Mwaka elfu moja mia tisa na themanini, Januari mosi."

"Haiwezi kurudi siku tano tu nyuma?"

"Haiwezi. Betri iliyokufa haihesabu siku."

Nyevu alimfanya arudie, akaliandika kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini. Utamu alioupata ulikuwa mwingi kuliko ulivyostahili, na aliujua. Kisha akahesabu. Crispus aliisoma saa ile Alhamisi, tarehe kumi na mbili, ikasema saba. Basi Jumatano, tarehe kumi na moja, ilikuwa ikisema sita. Mtu alikuwa ameirudisha tarehe sita kwa mkono wake, Jumatano, na kuipa mashine siku ambayo dunia nzima ilikuwa imeshaivuka. Hiyo haikuwa ajali wala bahati mbaya ya diski iliyosahauliwa tunduni.

Maxwell Jumatano alikuwa wapi? Kizingo, alisema, katika shule moja, akitengeneza mashine mbili. Nyevu alipiga simu shuleni kwa simu ya ofisi. Mlinzi wa lango alilisoma daftari lake polepole: Maxwell aliingia saa tano na dakika kumi, akatoka saa tisa kasorobo, na mwalimu mkuu aliketi naye muda wote kwa sababu hakutaka kitu kipotee. Ofisi ya kamusi, kwa saa za Ramadhani, ilifungwa saa nane. Asubuhi ya siku hiyo, mpaka anaondoka saa tano, Tsofa alikuwa ameketi mbele ya mashine yake na ilikuwa ikifanya kazi.

Akiwa bado ameshika simu, Nyevu alipiga kituoni. Crispus alikuwa amerudi kutoka mahakamani. Alimwuliza kwa furaha kama amemleta mtu wake.

"Si yeye," alisema Nyevu, akamweleza habari ya betri kwa utulivu wote aliokuwa nao, akingoja kimya cha upande wa pili. Kimya kilikuja, lakini hakikuwa kile alichokitaka.

"Ahsante, Afande," alisema Crispus. "Hilo sikulijua. Unajua, kozi yenyewe majuma sita yote tulifundishwa kuchapa barua. Mashine iliyofunguliwa sijaiona hata siku moja. Nilidhani mtacheka, nikanyamaza."

Nyevu aliiweka simu chini. Mwaka mzima alikuwa amekionea kijicho cheti cha kuchapa barua, na yeye alijua kuchapa tangu shuleni. Akaona afadhali arudi kazini.

Wakabaki watatu waliokuwamo katika nyumba ile Jumatano baada ya saa tano. Caroline na Kache walikuwa katika chumba kimoja juu, na kila mmoja alisema, akiulizwa peke yake, kwamba mwenziwe hakushuka. Caroline alikuwa akipanga kurasa. Kache alikuwa na vipokea sauti masikioni, akinakili maneno kutoka kwenye kaseti. Mwalimu Gharib alikuwa chini. Tangu mfungo uanze alikuwa akijilaza kila siku katika chumba cha baridi kungoja adhuhuri, na hakuna aliyeona ajabu.

Hilo halikutosha kumshtaki mtu. Kujilaza mahali penye baridi si kosa, na yule mzee alikuwa na sababu ndogo kuliko wote ya kuiua kamusi iliyokuwa yake. Nyevu aliwaza pengine mlango wa nje uliachwa wazi, akamwuliza Kache kama mtu mgeni angeweza kuingia. Kache, msichana mwembamba mwenye buibui, alisema mlango ule unalia kama paka ukifunguliwa, na Caroline angeusikia. Alikuwa akijibu huku akiufuta uso kwa pembe ya buibui. Nyevu alidhani ni hofu, kumbe ni kilio cha siku mbili. Maneno yake, alisema, hayamo katika nakala ya Novemba. Yeye alianza Desemba. Ofisi ilikuwa na kaseti nne tu, akawa akishanakili anarekodi mengine juu ya ileile. Bi Mishi wa Kibokoni, aliyempa mengi kuliko wote, alifariki Januari. Maneno yake elfu mbili na mia tatu yalikuwa katika mashine ile. Mia mbili na kitu tu yalipona kwa kuwa Caroline alikuwa ameshayapitisha katika Makintoshi yake.

"Na ya Mwalimu?" aliuliza Nyevu.

"Ya Mwalimu yote yamo katika nakala. Tena anayo madaftari yake, arubaini na moja. Yalikuwa katika kabati lile." Alionyesha. "Jumanne aliyachukua kwenda nayo nyumbani kwa vikapu viwili. Alisema kabati limeingia mchwa."

Nyevu alilifungua kabati. Rafu tatu zilikuwa tupu, na juu ya vumbi zilibaki alama safi za mahali madaftari yalipokaa miaka. Alipitisha kidole kwenye pembe zote, akagonga mbao, akalivuta kabati akatazama nyuma yake. Hapakuwa na mchwa, wala njia ya mchwa, wala unga wa mbao. Mbao zilikuwa za mvule, ngumu kama siku zilipopigwa randa.

Alimwambia Maxwell akale chakula chake, aende nyumbani, na mfuko ule aufungue.

Mwalimu Gharib alikuwa akikaa vichochoro vitatu kutoka hapo. Nyevu alingoja mpaka watu walipotawanyika kutoka sala ya Ijumaa, ndipo akabisha hodi. Mzee alimkaribisha sebuleni, akamwomba radhi kwamba hana cha kumpa mchana wa mfungo, akamwuliza hali, na watoto, na mama yake, mpaka akaridhika. Alikuwa na miaka sabini, mwembamba, ndevu nyeupe zimechongwa vizuri, na alizungumza taratibu kama mtu anayependa kila neno analolitoa. Nyuma yake, juu ya rafu mpya ya mbao, yalikuwa madaftari arobaini na moja yamepangwa kwa nambari.

"Mwalimu," alisema Nyevu, "katika kabati la ofisi hamna mchwa."

Gharib alisema labda wamehama. Nyevu alisema mchwa wakihama huacha walichokula. Akamweleza kwa upole, bila kupandisha sauti, jinsi saa ya mashine ilivyorudishwa Jumatano, na jinsi kila mtu alivyofundishwa kuirudisha. Kwamba diski ilikuwa mkebeni na mkebe ulikuwa wazi kwa wote. Kwamba yeye alikuwa chini peke yake. Kila mmoja wa wenzake wanne, alisema, alipoteza kitu katika mashine ile. Mtu mmoja tu ndiye aliyekitoa chake siku moja kabla.

Mzee aliyatazama madaftari yake. Hakukana.

"Wageni waliwasili na neno," alisema. "Mmoya wao kalisoma katika utenzi wa kale, akauliza maana yake. Neno hilo, mwanangu, mimi nalilifuata Pate siku kumi na moya. Nalilala kwa watu nisiowayua, nikapata homa, nikarudi nalo. Nafungua kinwa kumjibu. Tsofa kabonyeza kitufe, maana ikatoka kwenye kioo, maneno yangu, kama nalivyoyaandika, herufi kwa herufi. Wakapiga makofi. Waliipigia makofi ile mashine."

Nyevu alimwuliza kama alimchukia Tsofa. Gharib alisema la, Tsofa ni kijana mwema. Mtu unaweza kushindana naye, ukamzidi leo, akakuzidi kesho. Kile chombo hakikuwa na siku ya kusahau wala siku ya kuugua. Watu walikuwa wameacha kumwuliza. Walikuwa wakipita mlangoni pake na neno mdomoni kwenda kukiuliza chombo, na yeye yumo ndani, amekaa. Aliposikia Maxwell akisema kipo kinachoweza kukiua, na Tsofa akicheka kwamba hakiwezi, alitaka kujua nani msema kweli. Hivyo ndivyo alivyoanza kujiambia. Jumatano alikitia diski akakizima na kukiwasha, akaitoa. Kisha akafanya alivyofundishwa, akaandika tarehe sita.

"Nalidhani tutarudi kwenye madaftari," alisema. "Hayakupotea. Yote haya hapa."

"Yako hayakupotea, Mwalimu. Ya Kache yamepotea."

Gharib alikunja uso kama mtu aliyetajiwa jina la jirani wa zamani. Alisema Kache alikuwa akikusanya maneno ya jikoni, ya mikeka, ya harusi za wanawake, vitu vidogo. Atayakusanya tena.

"Kwa nani? Bi Mishi amefariki." Nyevu alifungua daftari lake. "Kache ameniambia kwa Bi Mishi alipata maneno thelathini na tatu ya kusuka peke yake. Kila namna ya kuanza, ya kukaza, ya kumaliza, na jina la kila kosa ambalo mkono hulifanya. Yeye mwenyewe anayakumbuka saba. Alikuwa akiyatia mashinani siku ileile ili asiyapoteze."

Mzee alisema, kwa sauti ya chini, kwamba haiwezekani, yeye amezaliwa mji huu, mama yake na nyanya zake wote walikuwa wasukaji, amelala juu ya mikeka yao. Maneno hayo anayo. Aliomba karatasi. Nyevu alichana ukurasa akampa na kalamu yake.

Gharib aliiweka karatasi juu ya goti, akavaa miwani, akaandika kwa hati yake nzuri aliyojifunza kwa wino na kalamu ya utete. Aliandika ukindu. Akaandika ukili, na chini yake miyaa. Alifikiri kidogo, akaandika shupatu.

Nyevu alikuwa na haki ya kumwinua saa ileile. Alimwacha. Nje watu walipita wakisalimiana, akawasikia wakipungua. Mzee alifumba macho, midomo ikicheza, vidole vya mkono wa kushoto vikijaribu kusuka kitu hewani ili vikumbuke. Alasiri ilipoadhiniwa maneno bado yalikuwa manne, na yote manne, mzee alipoinuka kwenda kutazama, aliyakuta ndani ya madaftari yake.